Kilima cha Idi

Kuna msemo mnautumia pale ofisini tangu wengi wenu hamjaajiriwa. Mtu akisoma picha za anga vibaya, akachora mwinuko mahali penye bonde, mnamwambia, "Leo umechora kilima cha Idi," na chumba kizima kinaangua kicheko. Hata siku ya kuniaga, mmoja wenu aliuchomeka msemo huo kwenye hotuba yake. Simtaji, anajijua. Nilicheka pamoja nanyi, nikaweka soda yangu chini. Kisha mkaniomba niwaachie maandishi kidogo juu ya kazi yetu ilivyokuwa zamani. Basi nitawaeleza habari za kilima hicho, maana hakuna kati yenu aliyekiona kwa macho, na mimi nilikiona.

Niliingia ofisi ya madini Shinyanga mwishoni mwa miaka ya sitini, sijaolewa bado, nikiwa mwanamke pekee katika chumba cha wachora ramani. Chumba kilikuwa na meza sita zilizoinamishwa, kabati la bati, na harufu ya wino iliyokuwa ikinifuata mpaka nyumbani. Choo cha wanawake hakikuwepo. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kingehitajika. Mkuu wa chumba, Mzee Idi, alifikiri kidogo, akanipeleka ng'ambo ya barabara nyumbani kwake, akamwambia mkewe Bi Zuhura, "Huyu ni mwenzangu kazini. Mlango huu ni wake." Tangu siku ile nilikuwa naingia nyumba ile bila hodi, na mara nyingi nilitoka nimeshalishwa.

Mzee Idi alikuwa mtu wa Tabora, mfupi, msafi, kofia yake ya kitambaa haikutoka kichwani hata kwenye joto la Oktoba. Alijifunza kuchora tangu enzi za mkoloni, na maandishi yake kwenye ramani yalikuwa madogo na yaliyonyooka hata wageni walidhani yamepigwa chapa. Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kuchora hata mstari. Niliosha kalamu, nilichonga penseli, nilijifunza kukwangua wino uliokosewa kwa wembe bila kutoboa karatasi. Nyinyi mna vifutio vya kila aina siku hizi, lakini nawaambia, mtu ambaye hajawahi kukwangua kwa wembe hajui gharama ya kuchora kabla ya kutazama.

Siku aliponikalisha mbele ya stirioskopu niliogopa kweli. Wale ambao bado hamjaizoea, ni miwani ya mezani yenye miguu minne. Chini yake unaweka picha mbili za ardhi ile ile zilizopigwa kutoka kwenye ndege, moja chini ya jicho la kushoto, ya pili chini ya jicho la kulia. Unatazama, huoni kitu, macho yanauma. Halafu ghafla ardhi inainuka, miti inasimama, mabonde yanafunguka chini ya pua yako. Nilipiga yowe nikashika meza kwa mikono miwili, nikidhani naanguka. Wanaume wote wanne walicheka. Mzee Idi hakucheka.

"Umefanya vizuri kuogopa," aliniambia. "Sasa sikiliza. Kabla ya jambo lolote tazama vivuli vya miti. Kivuli kikuangukie wewe. Vivuli vikikukimbia, umeshapotea, hata macho yako yakikuapia."

Kisha akatoa kwenye droo yake picha ya mwezi aliyoikata gazetini. Ndiyo ile miaka ambayo watu walikuwa wanakwenda mwezini na magazeti yalijaa picha. Niliona mashimo makubwa ya duara, yale ambayo wataalamu wanasema yalichimbwa na mawe yaliyoanguka kutoka angani. Mzee Idi akaigeuza ile picha juu chini mbele yangu. Mashimo yote yakawa majipu. Akaigeuza tena, yakawa mashimo. Picha ile ile, macho yale yale, na kila mara ningeweza kuapa mahakamani. Nilimwuliza mtu atajuaje basi kipi ni kweli, akanijibu kwamba kwa macho peke yake hawezi kujua, ndiyo maana kuna kanuni.

Na zile picha mbili za stirioskopu ni hatari zaidi. Ukizizungusha kila moja pale pale ilipo, ya kushoto ikabaki kushoto na ya kulia ikabaki kulia, dunia yote inapinduka. Bonde linakuwa kilima, na kilima kizuri tu, chenye kupendeza. Hakuna kengele itakayolia.

Miaka ikaenda, nikaolewa, nikamzaa Minza, nikawa Mama Minza kwa ofisi nzima. Wakati huo aliletwa kwetu mtaalamu wa miamba aliyetoka masomoni nje, kijana mrefu anayeitwa Bwana Kulwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, kama watu wote wanaotafuta dhahabu kabla ya mvua. Alitaka kupima eneo la msitu wa miombo magharibi ya Kahama, unapoelekea Geita, na picha za anga za eneo hilo zikaja mezani kwangu.

Katika picha mbili kulikuwa na kitu cha duara, duara kabisa, utasema kimechorwa kwa kufuata mdomo wa chungu. Bwana Kulwa alikiona akaruka. "Mama Minza, hicho kwanza. Nataka ramani yake wiki hii."

Wiki ile Minza alikuwa anaota meno na mimi nilikuwa natembea nikisinzia. Paa lilikuwa limevuja, meza yangu ilikuwa imehamishwa upande mwingine wa chumba, na namba za zile picha zilikuwa zimeandikwa na mtu aliyeziandika juu chini. Ili nizisome namba, nilizungusha picha ya kushoto. Kisha nikaizungusha ya kulia. Nikainamia miwani, na mbele yangu kikainuka kilima cha duara, kipana, chenye kilele bapa. Sikutazama vivuli. Nilikiona kilima kizuri nikakichora, mistari ya kontua ikipanda ngazi kwa ngazi kuelekea katikati. Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Nilichora nikiimba.

Kazi ya mkuu wa chumba ilikuwa kulinganisha ramani na picha, kisha kutia sahihi. Mzee Idi aliitazama ramani, akaipenda, akachukua kalamu. Bwana Kulwa alikuwa amesimama mlangoni akihesabu siku. "Kazi ya Mama Minza siikagui mara mbili," Mzee Idi alisema, akatia sahihi.

Bwana Kulwa akapanga safari kwa kuitegemea karatasi ile. Kwa kuwa ni kilima chenye kilele bapa, alisema, kambi itakaa juu katikati, na hata mvua zikiwahi maji yatateremka pande zote na kuwaacha wakavu. Desturi yetu ilikuwa aliyechora ramani aende porini kuihakiki. Mimi nilikuwa nanyonyesha. Mzee Idi akasema atakwenda badala yangu, akanitania kwamba anataka akaone kama kilima changu ni kirefu kama ninavyojisifu. Waliondoka watu sita: Bwana Kulwa, Mzee Idi na vibarua wanne. Bundala, dereva wetu, aliwashusha nje ya duara kwenye mawe, akarudi na Land Rover ili akawachukue baada ya wiki tatu.

Wiki ya pili Minza alishikwa na homa, nikaomba ruhusa siku tatu. Jumamosi asubuhi nilirudi ofisini nikakuta barua mezani. Iliachwa Jumatano na dereva wa lori la pamba. Mwandiko niliujua kabla sijaifungua.

"Mama Minza, salaam. Tumefika kwenye kilima chako. Tulipanda mawe kidogo, kisha tukaingia msituni, ni tambarare safi, na kambi iko katikati kama ramani ilivyosema. Ila kuna mambo mawili. Udongo wa hapa ni mweusi, wa mbuga, ule wa mabondeni panapotuama maji, na kibarua mmoja ameniuliza tangu lini udongo wa mbuga unakaa juu ya kilima. La pili, kila tunapochimba tunakuta makombe ya konokono wa majini. Mimi si mtu wa huku. Hebu niambie, konokono wenu hupanda vilima? Nimemgusia Bwana Kulwa tuhamie kwenye mawe, anasema ramani inatosha. Tafadhali ziangalie tena zile picha mbili, kisha unijibu upesi."

Nilisoma mara moja tu. Nilifungua kabati, nikazitoa picha, nikaziweka mezani bila miwani. Sikuhitaji miwani. Vivuli vya miti yote vilikuwa vinanikimbia. Nilizigeuza kila moja pale pale ilipo, nikainamia miwani. Kile kilima changu kikazama. Niliona ukingo wa mawe uliozunguka pande zote, na ndani yake bakuli kubwa, chini yake bapa, halina mlango wa kutokea maji hata mmoja. Mawe yale waliyopanda yalikuwa ukingo. Baada ya hapo walikuwa wameteremka ndani kidogo kidogo chini ya miti bila kujijua, kwa sababu ramani iliwaambia wanapanda.

Nikatazama dirishani. Upande wa Kahama kulikuwa kumefunga, kweusi tii.

Sasa nitaandika jambo ambalo halimo katika msemo wenu. Sikukimbia kutafuta msaada. Nilifunga mlango kwa ufunguo, nikachukua wembe, nikaitoa ramani ya asili, nikaanza kukwangua. Nilifikiri nikiwahi kuisahihisha, atakayekuja kuitazama ataikuta sawa, na nakala iliyoko porini itaonekana ni kosa la kunakili. Hayo ndiyo niliyoyafikiri, mimi mama wa mtoto. Nilikwangua mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, vizuri kabisa kama nilivyofundishwa, mkono haukutetemeka. Kwenye mstari wa nne niliona kwamba nakwangua mistari wakati watu wamo ndani yake. Wembe ulinidondoka. Nilikuwa nimeshapoteza karibu nusu saa.

Mkubwa wa ofisi alikuwa Mwanza. Nilikimbia mpaka nyumbani kwa Bundala, nikamkuta anakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai.

"Bundala, washa gari. Twende porini sasa hivi."

"Mama Minza, gari la serikali, siku ya Jumamosi. Nani katoa kibali?"

"Mimi."

"Wewe una mamlaka ya kutoa kibali?"

"Sina."

Alinitazama usoni, akaweka kikombe chini. "Ngoja nichukue kamba," alisema.

Minza nilimpeleka kwa Bi Zuhura. Nilimwambia tunapeleka dawa kambini. Alimpokea mtoto, akamweka begani, akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha tangawizi na shuka kavu. "Mpe mzee wangu. Mwambie asilale na nguo mbichi, kifua chake nakijua mimi." Nilishindwa kumtazama. Niliitikia nikiwa nimeelekea gari.

Njiani Bundala aliniuliza mara moja tu, tulipokuwa tumeipita Kahama na mvua imeanza kupiga kioo. "Kuna nini huko?"

"Wamepiga kambi shimoni."

"Ala! Nani kawaambia wapige kambi shimoni?"

Watu wa Kahama walikuwa wametuambia huko magharibi inanyesha siku ya pili mfululizo bila kupumua. Gari lilikuwa linateleza kama sabuni. Mara mbili tulikwama, mara mbili nilishuka kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Maziwa yalinijaa mpaka gauni likalowa kwa mbele, na mvua ikalilowesha kwa nyuma. Nilikuwa nawataja wale watu sita mmoja mmoja kwa majina, nikifika mwisho naanza upya. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuipata kabla wala baada, hata siku niliyolazwa hospitali ya Kolandoto nikidhani sitaamka. Kufa mwenyewe ni jambo jingine. Hawa nilikuwa nimewachorea mahali pa kufia.

Tulifika kwenye mawe kama saa kumi jioni, bado kuna mwanga. Nilipanda ukingo kwa mikono na magoti, Bundala nyuma yangu na kamba. Nilipofika juu nikaona kilima changu. Lilikuwa bakuli, Mungu wangu, bakuli kubwa la duara ambalo ungehitaji nusu saa kulivuka kwa miguu, na kila upande maji yalikuwa yanashuka ndani yake kwa kelele. Katikati msitu ulikuwa umesimama ndani ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, na vilele vya mahema mawili vilikuwa vinaonekana.

Chini yetu kidogo, kwenye mawe, kulikuwa na watu wamejikunyata. Nilihesabu. Watano. Nilihesabu tena.

"Mzee Idi yuko wapi?"

Bwana Kulwa aligeuka. Hakuwa na viatu, midomo ilikuwa imegeuka rangi. Alinyoosha mkono kuelekea majini.

Kibarua mmoja ndiye aliyenieleza, akitetemeka. Tangu alfajiri maji yalikuja kutoka pande zote kwa pamoja, na wao wakakimbilia wasikojua. "Mayu, mashimo yetu!" alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. Maana wiki nzima walikuwa wamechimba mashimo ya majaribio kuzunguka kambi, kila moja likiwa refu kupita mtu. Sasa maji yalikuwa yameyafunika yote, na juu hakuna alama. Mwenzao mmoja alitumbukia, wakamvuta kwa shati. Mzee Idi ndiye aliyewatoa, kwa kuwa ndiye aliyechora mchoro wa mashimo na alikuwa nao kichwani. Alitembea mbele akipapasa kwa ile fimbo ya kupimia ya rangi nyekundu na nyeupe, wao nyuma yake wameshikana mashati. Alipowafikisha wote kwenye mawe akaangalia nyuma, akasema bomba la ramani, lile la bati la kuhifadhia karatasi, limebaki hemani. Wakamzuia. Akaenda.

Nilimwona. Alikuwa ametoka kwenye hema, maji yamefika kifuani, bomba la bati liko kichwani juu ya kofia, ameliwekea mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika fimbo. Anapapasa mbele, anasimama, anapapasa kulia, anapiga hatua. Hakuja moja kwa moja. Alikuwa anakwenda kushoto, anarudi, anazunguka vitu ambavyo sisi hatukuviona. Nilijua kila hatua ile inatoka kwenye mstari nilioukosea. Nilitaka kumwita nikaogopa kumshtua, nikauma ukosi wa gauni langu.

Halafu akazama.

Hakupiga kelele. Alikuwepo, kisha hakuwepo, na kofia yake ikabaki inaelea peke yake. Nilisikia mtu anapiga mayowe, baadaye Bundala aliniambia nilikuwa mimi. Bundala alikuwa ameshajifunga kamba na kuingia. Fimbo, alitueleza baadaye, ilikamata kingo mbili za shimo chini ya maji, akajivuta kwayo: kwanza uliibuka mkono, kisha kichwa chenye mvi ambacho sikuwahi kukiona hakina kofia. Bomba lilikuwa bado mkononi. Bundala alimfikia, wakamvuta kwa kamba mpaka kwenye mawe.

Alitapika maji, akakaa. Nilimfunika shuka la Bi Zuhura, ingawa nalo lilikuwa limeshalowa. Bwana Kulwa alikuwa amepata sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeponea chupuchupu anayetafuta wa kumlaumu. "Ramani hii ni ya nani? Nani alisoma picha hizi? Nataka jina!"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mzee Idi akaniwahi, akikohoa.

"Sahihi ni yangu, Bwana Kulwa. Picha nilizisoma mimi, nilizigeuza kwa bahati mbaya. Mama Minza alichora nilichomwambia. Ndiye aliyegundua, ndiyo maana amekuja."

Mdomo wangu ukafungika. Ningeweza kusema hapana, neno fupi tu. Niliona kiti changu, meza yangu, wale wanaume wanne wakisema tulijua, mwanamke. Nilinyamaza. Mvua ikaendelea.

Tulipokuwa tunangoja wapate nguvu za kutembea, Bwana Kulwa alikaa akilitazama lile bakuli linavyojaa, duara safi kama sahani. Hasira ilikuwa imemtoka. Aliokota jiwe la ukingoni, lilikuwa limepasuka nyufa nyufa kama kitu kilichopigwa nyundo, akasema polepole kwamba hii si kasoko ya volkano, kuna kitu kilianguka hapa, zamani sana, kutoka juu, kama kule mwezini. Alipeleka mawe nje yakapimwe. Jibu halikutufikia, dhahabu ikapatikana kwingine, na mpaka nastaafu hakuna aliyethibitisha. Mimi nilikuwa namtazama Mzee Idi akikamua kofia yake.

Mzee Idi aliondolewa chumba cha ramani. Walimpeleka stoo kuhesabu majembe na taa, yeye na mkono ule wa kuandika kama chapa. Baada ya muda aliacha kazi, akahamia Isaka na Bi Zuhura, jirani na stesheni. Kiti chake nilipewa mimi. Vijana wapya walipokuja wakasikia habari za mzee aliyegeuza picha nusura azamishe watu, msemo ukazaliwa, na mimi, mkuu wa chumba, sikuwahi kumkataza hata mmoja. Hofu ya maji iliniisha jioni ile ile. Hofu ya kusema sentensi moja imekaa nami miaka yote, inakuja nami ofisini asubuhi, inarudi nami nyumbani.

Macho yangu yamechoka, nimestaafu. Mwezi uliopita nilikwenda Isaka na karatasi hizi, nikiwa nimeandika mpaka hapo juu. Kila mwaka nimekuwa nikienda kuwasalimu, na kila mara Bi Zuhura ananisindikiza mpaka stesheni, kikapu changu kakibeba yeye, ananisubiri mpaka treni iondoke.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Minza hajambo?"

Mzee Idi haoni tena vizuri, macho yamefunga ukungu. Nilimwomba nimsomee kitu. Bi Zuhura alikuwa pembeni anapepeta mchele kwenye ungo. Nilisoma yote. Nilipofika kwenye wembe, Mzee Idi alishtuka. "Ulikwangua ile karatasi? Karatasi nzuri vile?" Nilipomaliza akatabasamu. "Yaani umestaafu, huna kazi, sasa unataka kuninyang'anya kilima changu?"

Nilicheka nikalia. Ungo ulikuwa umenyamaza.

"Idi," Bi Zuhura alisema. "Mimi hukuniambia."

"Ningekuambia ungemfungia mlango. Na mimi sikuzitazama picha. Sahihi ni sahihi."

"Miaka yote hii nimekuita mzembe. Mbele ya wanao." Aliuweka ungo chini. Kisha akaniambia mimi bila kunitazama: "Nilikulelea mtoto siku ile. Nikakupa na shuka."

Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Hakuniinua. Aliuliza, "Wale wa ofisini bado wanausema huo msemo?"

"Wanausema."

"Wanacheka?"

"Wanacheka, Bi Zuhura."

"Basi waandikie. Usiwafiche hata kidogo."

Nilipoaga, alinifikisha mlangoni, akasimama hapo. Nilikwenda stesheni peke yangu na kikapu changu.

Ramani ile ya asili iko kwenye kabati la bati, droo ya tatu kutoka chini. Itoeni muishike mbele ya dirisha, mtaona mistari mitatu iliyokwanguliwa na mmoja ulioanzwa. Huo ni mkono wangu. Picha nilizigeuza mimi. Mkitaka kucheka chekeni, lakini kilima hicho kina jina, na si la Idi. Ni kilima cha Mama Minza.